Mkono Ulielekea Barabarani

Kabazana, Nakivale
Jumapili, baada ya misa ya pili

Kaka yangu Anatole,

Amani ya Bwana ikukute wewe, wifi Pulchérie na watoto, mkiwa mmelala vizuri na mmeamka vizuri. Macho yako yanaendeleaje? Mara ya mwisho nilikukuta unachomelea mageti bila kioo cha giza, ukaniambia umezoea. Moto wa kuchomelea hauzoewi, kaka. Na kikohozi cha wifi, je, kimemwachia? Mpe pole nyingi, umwambie mbegu za mchicha wa dodo alizonitumia zimeota, ingawa kuku wa jirani wananipiga vita. Sisi huku ni wazima. Mvua bado, vumbi la Kabazana linaingia mpaka kwenye sufuria yenye kifuniko, lakini tunakula na tunalala. Hizo ndizo salamu. Sasa kaa chini.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako unaipokea karakanani, unaiweka sauti ya juu ili mikono ibaki kwenye chuma, na mtaa mzima wa Nyamityobora unasikiliza. Barua hii anakuletea Cassien, yule anayeshusha ndizi Mbarara, na nimemwapiza asimpe mtu mwingine. Naandika Kiswahili chetu cha Bwiza. Kirundi changu cha kalamu unakijua, na Kifaransa changu ni cha kuombea karatasi tu.

Siku chache zilizopita Mzee Herménégilde alisimama mbele ya kibanda changu, watu wamejaa wanatazama mpira, akainua simu yake juu na kuniwekea sauti yako. Sauti yako mwenyewe, Anatole! Kwamba Léoncie amekuaibisha. Kwamba Léoncie kavunja mtungi wa watu. Kwamba utakuja kumchukua binti yako Alida kabla shule hazijafunguliwa, na posa itapokelewa huko kwako, mbali na masahani yangu ya televisheni. Watu waliacha mpira wakanitazama mimi. Umemtumia mtu wa nje hukumu ya dada yako, na dada mwenyewe hujamuuliza hata neno moja. Nimelala na jambo hilo siku kadhaa, limechemka mpaka limepanda kooni. Leo nalimimina, na utalinywa lote.

Najua unachofikiri. Herménégilde ndiye aliyempakia mama yetu kwenye baiskeli siku ile tunakimbia, wewe ukiwa na homa huwezi hata kushika usukani. Sijasahau. Nilikuwa nyuma nasukuma. Mama alikufa kitandani, amezungukwa na watoto wake, na hilo ni kwa sababu ya baiskeli ya mtu yule, na kila Mwaka Mpya nampelekea salamu na sahani yake naifunga na kuikaza bure. Lakini shukrani ya baiskeli hailipwi kwa binti. Alinipakilia mama, basi nami nimpakilie mtoto? Hiyo ni hesabu ya wapi?

Na huyo binti unamjua kiasi gani? Tangu mama yake alipotuacha, nani amekuwa naye? Mimi nilifika hapa sina kitu ila kiwiko cha kusukumia watu foleni ya maji. Nilijifunza sahani za televisheni kwa kumshikia ngazi fundi mmoja wa Mbarara, aliyekuwa akinificha bisibisi ili nisimpite. Nikampita. Leo ukitoka Base Camp mpaka Juru, sahani nyingi unazoziona nimezikaza mimi. Huku kwetu zinatazama juu kabisa kama sahani ya chakula, kwa sababu setilaiti yenyewe inakaa juu ya mstari wa ikweta, karibu na utosi wetu. Mvua ikinyesha zinajaa maji, kwa hiyo natoboa tundu chini. Watu wananicheka, wanasema Mama Sahani anakinga mvua. Wacheke. Picha wanaipata.

Alida ndiye aliyekuwa akinishikia kipimo nikitafuta setilaiti. Siku moja, bado mdogo, akaniuliza mimi shangazi yake kitu ambacho, miaka yote ile juu ya mapaa, sikuwahi kujiuliza: Senge, hicho tunachokitafuta huko juu, mbona hakianguki? Nikamjibu kwamba kiko mbali. Hakuridhika. Alikwenda kwa walimu, akakopa vitabu, akarudi akanifundisha mimi. Akaniambia kinaanguka. Kinaanguka kila siku ya Mungu, lakini kina mwendo wa kwenda pembeni, kilomita tatu kwa kila sekunde, na dunia ni mviringo, kwa hiyo kila kinapoanguka ardhi nayo imeshajikunja chini yake. Kinaikosa. Na kwa kuwa kinazunguka kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha, sisi tunakiona kama kimesimama. Nilikaa juu ya bati la jirani na bisibisi mkononi, nikajisikia kama mtu aliyefunga ndoa bila kujua jina la mume.

Huyo ndiye mwanao. Amepata nafasi kidato cha tano, shule ya Nyamitanga, fizikia na hesabu, na wafadhili wameshamkubali. Hukuombwa hata ndoo ya kuogea. Na wewe, fundi mageti, ukafungua geti lako kwa simu.

Sasa sikia ya Jumamosi ile ya posa, kwa mdomo wa aliyekuwepo.

Walikuja kwangu mapema, watu wa Herménégilde, na kijana mwenyewe, mwanawe Parfait, amevaa koti ambalo si lake. Walikuja kushika mlango kama desturi inavyotaka: pombe ya mtama iletwe, iwekwe uani, wazee wa pande mbili waweke mirija mtungini wanywe pamoja. Wakishakunywa, mlango umeshikwa, mwingine asibishe hodi. Pombe walikuja nayo kwa madumu kama watu wote siku hizi, lakini Herménégilde akatoa na mtungi wa udongo, wa mama yake, uliotoka naye kwao Ngozi ukiwa umefungwa katika blanketi. Wakaimimina humo. Ulikuwa mtungi mzuri, sitasema uongo. Ukawekwa mbele ya viti, upande wa jikoni, yeye mwenyewe akakaa karibu yake kama anayelinda mgonjwa.

Tukakusubiri wewe. Ukapiga simu kwamba mteja wa Makenke anataka geti lake leoleo, tuanze bila wewe. Wazee wakasema hapana, baba wa msichana hawezi kuwa sauti tu, tumngoje kidogo. Basi tukangoja, na watu wanaongoja pombe wasiyoruhusiwa kuigusa lazima watafute cha kuchokoza. Herménégilde akanichokoza mimi. Akaitazama sahani yangu pale juu ya mlingoti wake, akauliza setilaiti yangu huko juu wameifunga kwa kamba gani, na kamba hiyo inauzwa duka lipi, maana ya mbuzi wake hukatika kila wiki. Watu wakacheka, nami nikacheka. Halafu akasema amewaona kwenye televisheni ya kibandani kwangu wale wanaanga, wanaelea kama vibofu, nywele zimesimama, na sababu anaijua: wamevuka mpaka. Mvuto wa dunia umeishia nyuma yao. Akasema, “Wale ni wakimbizi kama sisi, dunia haiwadai tena.”

Hapo ningenyamaza, Anatole. Naapa nilijaribu. Lakini kuna uongo mtu anaweza kuulalia, na kuna uongo unaokaa kama kokoto ndani ya kiatu. Nikamwambia mzee, hakuna mpaka wowote. Nyumba ile ya wanaanga iko kilomita mia nne tu juu yetu, na pale dunia bado inamvuta mtu kwa sehemu tisa kati ya kumi za mvuto wa hapa. Kama mvuto ungeishia pale, mwezi ungekuwa umeshakwenda zake. Wanaelea kwa sababu wanaanguka, wao na nyumba yao na kijiko chao, vyote pamoja, kwa hiyo hakuna kinachomkandamiza mwenzake. Wanakwenda karibu kilomita nane kwa sekunde. Hutamaliza kusema Baba Yetu uliye mbinguni polepole, wameshatoka hapa wamefika Mbarara. Na katika kila sekunde wanaanguka mita nne na kitu, na mgongo wa dunia nao umeshuka kiasi hichohicho.

Herménégilde akajipiga paja. Mtu anaanguka miezi sita hafiki chini! Akaniuliza kama huko juu wanaanga wanakunywa kitu gani, na kama kilichobaki wangeweza kumtumia. Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata Parfait, ameficha mdomo kwa mkono wa lile koti.

Nikamwita Alida. Hilo ni langu na nimeshalipishwa. Alikuwa amekaa mkekani na wanawake, kitambaa begani, kichwa chini, kama anavyotakiwa binti wa siku hiyo. Unajua mwanaanga anaporushwa anabanwa kitini mara tatu ya uzito wake, hata nne? Alida wa kilo hamsini angejisikia mia na hamsini, mkono hauinuki, kifua kinahema kwa shida. Ndivyo alivyokuwa pale mkekani, na hakuna aliyemgusa. Nilimwita aje aonyeshe, nikafikiri nampunguzia.

Akachukua kijerikani cha mafuta ya kula, akakijaza maji, akakifunga kamba ya manila, ncha akaishika mkononi, akaanza kukizungusha kutoka chini kwenda juu, juu kwenda chini, mdomo wa kijerikani wazi, na tone halikudondoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakainua shingo. Herménégilde akasema huo ni uganga, lakini alisema akitabasamu, na mimi nikawaeleza: maji yanataka kwenda moja kwa moja, kamba inayageuza. Setilaiti nayo inataka kwenda moja kwa moja, mvuto wa dunia unaigeuza. Hiyo ndiyo kamba yake, haionekani na haiuzwi dukani.

Alida akabadilisha, akawa anakizungusha juu ya kichwa chake kama anayetaka kumnasa ng'ombe. Kijerikani kikavuma. Ndipo Herménégilde, na kumbuka ni yeye mwenyewe, akauliza kwa sauti ya mtu aliyenishika shati: “Haya Mama Sahani, na kamba ikikatika, setilaiti inakwenda wapi?”

Nikafungua mdomo kumjibu. Sikuwahi. Kamba ilitoka mkononi mwa Alida, na kijerikani kikaenda moja kwa moja kwenye mtungi.

Hakuna aliyeguswa, namshukuru Mungu. Mtungi ulipasuka kwa sauti ndogo, kama mtu anayekohoa. Pombe ikatambaa vumbini na povu lake, na kuku wa jirani, walewale wa dodo, wakaja mbio kunywa posa. Herménégilde alipiga magoti akaokota kipande cha ukingo, pale mama yake alipochora mistari kwa ukucha, akakishika kifuani akalia. Mzee mzima, mbele ya watu. Hapo hasira yangu ilishuka. Ilipanda tena alipoinuka, akaninyooshea kile kipande akisema nimempangia. Nilikuwa sitaki ndoa tangu mwanzo, akasema, nikamfundisha binti kurusha.

Alida alisema kamba iliteleza, mkono ulikuwa na maji. Hakusema zaidi.

Siku tano baadaye bashingantahe wetu wakakaa, wazee wa kuamua, uani kwa Semahoro, maana ndiye mkubwa wao hapa na fimbo ya hukumu anaishika yeye. Herménégilde akaleta mashtaka yake: kurushiwa mtungi kwa makusudi, kuvunjiwa mlango, na akaongeza kwamba sahani zangu zinavuta vitu. Semahoro akamwambia hilo la sahani aliache nyumbani. Akasimamisha mashahidi mmoja mmoja, akawauliza swali moja tu: binti alipoachia kamba, mkono wake ulielekea wapi?

Wote walisema barabarani. Watu wetu wakasema barabarani. Watu wa Herménégilde wenyewe wakasema barabarani, na Parfait naye alipoulizwa akanyoosha kidole kilekile, upande wa barabara. Semahoro akauliza, na mtungi ulikuwa wapi? Jikoni, wakasema, si upande huo kabisa. Basi yule mzee akaketi sawasawa akasema maneno ambayo nitakufa nayo. Akasema mwenye kurusha mkuki hutazama anakorusha. Kitu kikiachiwa huenda mkono unakoelekea. Mkono ulielekea barabarani, kwa hiyo binti hakulenga mtungi, wala hakuna aliyemfundisha kuulenga. Ingekuwa amelenga, kijerikani kingevunja kitu barabarani. Mtungi umevunjwa na kitu kisicho na mkono. Akapiga fimbo chini.

Anatole! Kitu huenda mkono unakoelekea! Wazee tisa wakatikisa vichwa kana kwamba wamesomewa Injili. Ningeweza kuwaonyesha pale pale kwa kokoto na uzi. Kitu kinachozungushwa, kamba ikiachia, hakiendi nje kule kamba inakoelekea. Kinakwenda upande ule kilichokuwa kinakwenda wakati huohuo, yaani pembeni, robo ya duara kutoka kwenye mkono. Mkono barabarani, kitu jikoni. Hivyohivyo setilaiti nayo: mvuto ukikoma leo, haitaruka juu kuikimbia dunia kama cheche, itakwenda zake moja kwa moja njia iliyokuwa nayo. Nilisimama. Ulimi ulikuwa umeshainuka. Semahoro akanipa ruhusa ya kusema, na watu wakaguna, wakijua sasa Mama Sahani ataanza.

Nikasema nimekubali hukumu, nikakaa.

Wakanipata na kosa dogo: kuleta mchezo mahali pa heshima. Nipike pombe ya mtama ya kupatanisha, nitafute mtungi mwingine, na Herménégilde akitaka kurudi kushika mlango, arudi baada ya hiyo pombe kunywewa. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nanung'unika kama mashine ya kusaga. Si kwa ajili ya pombe. Kwa ajili ya lile neno: huenda mkono unakoelekea.

Wewe unanijua tangu tumbo la mama. Nilimsahihisha padri juu ya umbali wa jua siku ya kipaimara changu. Jiulize mwenyewe kwa nini safari hii nilinyamaza.

Ninakuambia sasa, na barua ukishaisoma itie kwenye moto wako wa karakana.

Kabla kijerikani hakijaruka, Alida alisogea. Hakuna aliyeona, kwa sababu wote walikuwa wanatazama juu, wanakifuata kijerikani. Mimi nilitazama miguu, maana mtu anayefanya kazi juu ya bati hujifunza kutazama miguu. Herménégilde aliuliza lile swali lake, na mwanao akapiga hatua moja kushoto, kimya, akazungusha mara moja tena, halafu akaachia. Jioni ile, akiwa anaosha sufuria, nikamuuliza: Alida, kamba iliteleza? Akasema ndiyo, Senge. Nikamuuliza, na ile hatua ya kushoto, nayo iliteleza?

Alisugua sufuria mpaka ikang'aa. Halafu akanijibu bila kuinua macho kwamba asingesogea, angempiga Mzee Herménégilde.

Umesikia? Alilenga, kaka. Katika uwanja ule wote palikuwa na watu wawili tu waliojua kitu kinakwenda wapi kamba ikiachia, mmoja ni mimi, na mwingine ni mwanao. Akageuza mkono wake mbele ya watu wote kuelekea barabarani, akavunja kilicho jikoni. Bashingantahe wamemwokoa kwa kukosea. Kama ningewasahihisha, ningemkabidhi kwao kwa mkono wangu: binti aliyevunja posa yake kwa makusudi, na mtungi wa marehemu. Nani angemsahau? Ndiyo maana nilimeza uongo ule mzimamzima mbele ya watu, mimi Léoncie, na mpaka leo haujashuka.

Nilimkaripia, usidhani sikumkaripia. Nilimwambia mtungi ule ulikuwa na mikono ya mama wa mtu ndani yake. Alilia. Vipande alikuwa ameviokota vyote akavihifadhi, na siku iliyofuata hukumu alivibeba kwenye kikapu mpaka kwa Herménégilde, peke yake, akapiga magoti akaomba msamaha wa mtungi. Wa mtungi tu. Mzee alivipokea, na nasikia anavipanga mezani kwake kama mtoto anayejifunza hesabu. Na Parfait alimsindikiza Alida mpaka njia panda akamwambia kwamba yeye naye hakuulizwa. Babaye alimletea koti tu.

Nilimuuliza Alida kwa nini hakusema hapana kwa mdomo. Akaniambia alishasema. Alikwambia wewe kwenye simu siku ya Krismasi, ukamjibu kwamba utamsikia vizuri mkionana, mtambo wa kuchomelea unapiga kelele. Kisha akaniambia jambo ambalo limenikalia kichwani kuliko la wazee. Alisema, Senge, mtu hasikii uzito kwa sababu anavutwa. Mwanaanga anavutwa karibu sawa na sisi na hasikii kitu. Mtu anasikia uzito kwa sababu kuna kitu chini yake kinamzuia asiende.

Sasa nisikilize, mkubwa wangu. Mwanao hatukimbii. Hata akifika huko kwenye fizikia yake, sehemu tisa kati ya kumi bado tutamvuta, mimi na wewe. Anachotaka ni mwendo wa pembeni tu.

Pombe ya kupatanisha nimeshailoweka. Itaiva Jumamosi ijayo. Mtungi nimeupata kwa mfinyanzi wa Juru. Si kama ule, lakini haupitishi maji. Nataka uje mwenyewe, na mikono yako ya masizi, uweke mrija wako karibu na mrija wa Herménégilde, umshukuru kwa baiskeli mbele ya watu kama hujawahi kumshukuru, kisha umwambie kwa mdomo wako, si kwa simu, kwamba mlango wa Alida umefungwa mpaka atakapoufungua mwenyewe. Atakasirika. Atakunywa. Atanisimanga sana mimi, nami nitamkazia sahani yake.

Na kama hutakuja, na nikasikia kwamba posa imepokelewa Mbarara, basi jua hivi: nilinyamaza mara moja, sitanyamaza mara ya pili. Nitakwenda uani kwa Semahoro na kijerikani na kamba, nitawaita wazee wote tisa na Herménégilde na ukoo wake, na nitawafundisha kitu kinakwenda wapi kamba ikiachia. Baada ya hapo hakuna ukoo kuanzia hapa mpaka Ngozi utakaomtaka binti yako, wala Herménégilde mwenyewe. Nitakuwa nimemwokoa na nimemchafua kwa siku moja. Usinifikishe huko, Anatole. Nakuomba kama dada, na nakutisha kama dada.

Mpe wifi Pulchérie salamu zangu nyingi, anywe maji ya tangawizi ya moto. Wabusu wadogo. Alida anakusalimu, yuko nje anapiga pasi sketi ya Nyamitanga, hajui ninachoandika, ila ameniuliza mara mbili kama Cassien ameshaondoka. Jumamosi shuka Kabahinda, nitakuja kukupokea na pikipiki ya jirani, na ukiwa umekuja na kioo chako cha giza usoni nitajua angalau jambo moja nililowahi kukuambia lilisikika.

Dada yako ambaye bado ana hasira na bado anakupenda,

Léoncie